Kathodi Ikigoma: Hoji Klipu, Maji na Rejea Kabla ya Kukilaumu Kichocheo

Kijana mmoja wa Chikongola, hapa Mtwara mjini, aliniletea ndani ya kifuko cha korosho kathodi yake, yaani kipande cha upande wa hasi kinachotoa haidrojeni kwenye seli ya kuvunja maji kwa umeme. "Shikamoo mwalimu. Kichocheo kimekufa." Alikuwa ametumia wiki mbili kupaka kichocheo hicho, nikeli na molibdeni ya kurahisisha utoaji wa gesi, juu ya sponji ya nikeli, yaani nikeli yenye vijitundu. Mipako ilitoka myeusi na laini kama masizi ya kibatari, na kwa siku mbili ilitoa gesi vizuri. Siku ya tatu volti zikapanda bila sababu.

Hatukugusa mipako. Tulirudisha kathodi kwenye seli, tukawasha, tukaweka ncha moja ya multimita kwenye mwili wa kathodi na nyingine kwenye waya, upande wa pili wa klipu. Volti 0.4 zilikuwa zinapotelea hapo hapo. Tulipofungua klipu, meno yake yalikuwa ya kijani. Kichocheo kilikuwa kizima wa afya.

Tangu hapo, anayekuja kwangu na msiba wa kichocheo namwambia tuanze na majirani zake. Sura za nanomita, yaani sindano, vinyuzi na vijitundu visivyoonekana kwa macho, huongeza eneo la kazi mara mamia, lakini eneo hilo hilo hunasa kila uchafu unaopita. Ndiyo maana dalili nyingi zinazoonekana kwenye kichocheo zimeanzia mahali pengine kabisa.

Nitachukulia una seli ndogo ya benchi: potashi kali (hidroksidi ya potasiamu) ya moli 1 kwa lita, kathodi ya sentimita za mraba 5, mkondo wa ampea 0.5, na joto la kawaida la kwetu, nyuzi 30 hivi. Kuyavunja maji kunadai volti 1.23 kinadharia. Seli ya benchi inayofanya kazi hii kwa volti 1.7 hadi 2.0 haina aibu. Zaidi ya hapo, tafuta mwizi.

(Wapo wanaouliza kwa nini mtu wa Mtwara ahangaike na umeme na maji wakati gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa tangu 1982. Ni kweli, haidrojeni nyingi duniani hutolewa kwenye gesi asilia kwa mvuke wa moto. Lakini kila molekuli ya methani ikimaliza safari hiyo huacha kaboni dioksidi. Umeme wa jua na maji havina mzigo huo. Turudi kwenye seli.)

Volti zimepanda, gesi ni ile ile

Kama mkondo umeuweka ampea 0.5 na gesi inatoka kwa kasi ya kawaida, lakini volti zimepanda, basi umeme unaozidi unageuka joto, na mtuhumiwa wa kwanza ni ukinzani. Hesabu yake ni rahisi: ukinzani wa omu 0.6 tu ukiuzidisha kwa ampea 0.5 unapata volti 0.3. Kichocheo kizuri na kichocheo kibovu hutofautiana kwa kiasi hicho au chini yake. Maana yake waya mbovu unaweza kuuficha ubora wote ulioutafuta kwa wiki mbili.

Kwetu pwani chanzo cha kwanza ni klipu. Upepo wa bahari una chumvi, na shaba haiipendi. Lakini kuna njia nyingine ambayo wengi hawaioni: sponji ya nikeli hunyonya maji kama utambi wa taa. Potashi hupanda taratibu ndani ya vijitundu hadi kufika kwenye klipu iliyo juu, ng'ambo ya maji, ikaila. Shaba inayoyeyuka hushuka na kujipaka kwenye kathodi yako, na shaba ni mzalishaji hafifu wa haidrojeni. Hapo utakuwa na matatizo mawili kwa mpigo, na kubadili klipu peke yake hakutatosha. Dawa ni kuponda sehemu ya juu ya sponji kwa koleo hadi iwe bapa, kuiziba kwa gundi ya epoksi, na kuunganisha kwa ukanda wa nikeli badala ya shaba.

Ukishaondoa klipu kwenye orodha ya watuhumiwa, angalia umbali kati ya elektrodi mbili, kathodi na anodi (ile ya chanya, inakotoka oksijeni), kisha potashi yenyewe. Potashi iliyoachwa wazi hunywa kaboni dioksidi ya hewani na kugeuka kabonati polepole. Inapitisha umeme kwa shida zaidi, na ukiona ukoko mweupe kwenye mdomo wa chupa ujue umechelewa kufunga kizibo. Usiifufue, tengeneza nyingine.

Kuna kosa la kupima pia. Joto la potashi likipanda nyuzi moja, uwezo wake wa kupitisha umeme hupanda kwa takriban asilimia 2. Mtu akipima asubuhi, kisha akapima tena saa nane mchana bati likiwa limewaka, ataona maendeleo ambayo hayapo. Weka kipimajoto ndani ya seli na uandike namba yake kila mara.

Matokeo ni mazuri kupita kiasi

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu hakuna anayekuja kuilalamikia. Mtu anakuja anatabasamu: mipako yake imeishinda platini. Inawezekana, lakini kabla ya kuchinja mbuzi pitia haya.

Anza na elektrodi rejea, ile ya tatu ambayo volti za kathodi hupimwa dhidi yake. Wengi hutumia ile ya fedha na kloridi ya fedha kwa kuwa ndiyo inayopatikana. Kwenye potashi kali haitulii: potashi huingia ndani, fedha inageuka oksidi, na kizibo chake cha kioo chenye vijitundu huliwa. Siku ya kwanza inasema kweli, wiki ya pili inakudanganya kwa makumi ya milivolti, na uongo huo wote huandikwa kwenye jina la kichocheo. Kwenye potashi tumia rejea ya zebaki na oksidi ya zebaki. Na hata hiyo ihakiki: tumbukiza waya safi wa platini kwenye potashi ile ile, pitisha mapovu ya haidrojeni juu yake, usiweke mkondo, usome. Kwa potashi ya moli 1, platini inapaswa kusoma karibu na hasi volti 0.92 dhidi ya rejea ya zebaki. Ikisoma hasi 0.87, ujue milivolti 50 za sifa zako ni za bure.

Mtuhumiwa wa pili ni elektrodi ya upande wa pili. Ukitumia platini huko, hasa kwenye asidi, vipande visivyoonekana huyeyuka, husafiri na kujipaka kwenye kathodi. Dalili yake ni kwamba kathodi inazidi kuwa bora kadiri majaribio yanavyosonga, jambo ambalo kichocheo cha kweli hulifanya kwa nadra. Badili uweke fimbo ya grafiti. Watu wa Ruangwa wana grafiti ardhini kwao, lakini kwa kazi hii nunua fimbo iliyosafishwa. Mawe yaliyotoka mgodini yana chuma na uchafu mwingine. Kaboni iliyochomolewa kwenye betri kuukuu ya tochi nayo inafaa kwa maonyesho ya darasani tu, kwa maana imekaa na zinki na manganizi maisha yake yote.

Chuma kina hadithi yake. Potashi ya kawaida huja na chembe chache za chuma. Zikifika kwenye anodi ya nikeli, anodi hiyo inakuwa bora ghafla kutoa oksijeni. Mtafiti Corrigan aliliandika hilo mwaka 1987, na wengi wamelirudia tangu hapo. Sasa fikiria seli ya elektrodi mbili tu, isiyo na rejea. Volti zinashuka baada ya saa kadhaa. Mwenye kathodi mpya anashangilia, kumbe aliyebadilika ni anodi. Bila rejea huwezi kugawa sifa wala lawama kati ya pande mbili, na mtu akiniletea namba za seli ya namna hiyo nazirudisha.

Na eneo je? Sponji ya nikeli ya sentimita za mraba 5 kwa rula ina eneo kubwa zaidi ndani ya vijitundu vyake. Ukigawa mkondo kwa eneo la rula, kila kitu chenye vijitundu vingi kitaonekana bingwa. Si dhambi, ilimradi useme umegawa kwa eneo gani.

Mwisho, angalia mteremko wa Tafel, yaani milivolti ngapi zinahitajika kuzidisha mkondo mara kumi. Platini kwenye asidi hutoa kama 30. Pale ambapo hatua ya kwanza, ya maji kuacha haidrojeni moja juu ya kathodi, ndiyo inayochelewesha, utapata karibu 120. Ukipata 180 au 200, usikimbilie nadharia mpya. Karibu kila mara ni ukinzani ambao hujautoa kwenye hesabu.

Inaanza vizuri, kisha inachoka

Hapa ndipo kichocheo kinapoweza kuwa na hatia kweli, lakini tunamhoji kwa utaratibu. Kama una potenshiostati (kifaa cha kuongoza volti za elektrodi na kupima mkondo wake), pima kwanza uwezo wa uso kuhifadhi chaji. Chagua eneo la volti ambalo hakuna gesi inayotoka, pandisha na shusha volti kwa kasi tofauti, uone mkondo unavyoongezeka kadiri kasi inavyoongezeka. Namba hiyo inakwenda sambamba na eneo halisi lililolowana. Fanya hivyo siku ya kwanza, andika, na ufanye tena kathodi ikichoka.

Kama chaji na kazi vimeshuka pamoja, umepoteza eneo: mipako imebanduka, vijitundu vimezibwa, au mapovu yamekwama. Kama chaji iko pale pale na kazi imeshuka, eneo lipo ila uso wake umebadilika au umelishwa sumu. Hizi ni njia mbili tofauti, na kipimo hiki cha dakika kumi kimeniokolea miezi.

Tuchukue eneo lililopotea. Mapovu kwanza, kwa sababu ni rahisi: gongagonga seli kwa kidole, volti zikishuka ghafla kisha zikapanda tena, ni mapovu. Uso wenye sindano za nanomita ukiwa safi huachia mapovu madogo sana, kathodi inatoa kitu kama ukungu. Ukiona mapovu manene yameng'ang'ania, kuna mafuta juu yake, mara nyingi ya vidole vyako. Msomaji uliyetoka kumenya korosho, nawa mikono.

Kisha chokaa. Pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vingi ni magumu. Kalsiamu na magnesiamu hukimbilia kathodi, na kwa kuwa pale potashi ni kali zaidi, hugeuka ukoko mweupe unaoziba kila kijitundu. Kuna kipimo kisichohitaji mashine: yeyusha potashi kidogo kwenye glasi ya maji unayotaka kuyatumia. Yakigeuka meupe kama tui jepesi, hayafai. Kathodi iliyokwisha kupata ukoko iondoe kwenye seli, ioshe vizuri kwa maji safi, kisha idondoshee siki kwenye kona: ikitoa povu ni kabonati, ikiyeyuka kimya huenda ni hidroksidi ya magnesiamu. Usiiloweke yote kwenye siki, asidi itaila nikeli ya nanomita kabla ya kumaliza chokaa.

Maji mazuri kwa bei ya kawaida ni maji ya betri, lakini kuwa makini dukani. Ukisema "maji ya betri" kuna muuzaji atakayekupa asidi, na asidi ya betri ikikutana na potashi kali huchemka na kuruka usoni. Pima kwa karatasi ya litmasi kabla ya kufanya lolote. Wenye matangi ya mvua, kama wenzetu wa juu Newala ambako visima ni vya kutafuta kwa tochi, wana maji laini, ila ya mwanzo wa msimu yana vumbi na chumvi ya bati. Acha mvua mbili tatu zipite, kisha yachuje na kuyakeneka.

Sasa upande wa pili, chaji ipo ila kazi haipo. Nikeli ina tabia yake: ikizalisha haidrojeni kwa saa nyingi, sehemu yake huingia ndani ya nikeli na kutengeneza haidridi ya nikeli, na uso huo ni mvivu. Volti hupanda polepole kwa saa na siku bila kitu chochote kuonekana kwa macho. Dawa moja ni kuipeleka kathodi upande wa chanya kwa sekunde chache ili kuondoa haidrojeni iliyozama, dawa nyingine inayojulikana ni kuongeza chumvi kidogo ya vanadi kwenye potashi. Kwa mipako yenye molibdeni mimi huogopa dawa ya kwanza. Molibdeni ikisukumwa upande wa chanya kwenye potashi huyeyuka ikaenda zake.

Wanaotumia salfidi ya molibdeni wakumbuke kwamba kazi hufanyika kwenye kingo za vipande vyake, si kwenye uso bapa. Hilo lilioneshwa wazi mwaka 2007. Kwa hiyo chochote kinachofanya vipande vishikamane au kingo zioze kinaua kichocheo hata kama uzito haujapungua gramu. Hewa yetu yenye unyevu huozesha kingo hizo polepole. Hifadhi sampuli kwenye kopo lenye kizibo pamoja na vijifuko vya kukausha, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vikaushe upya kwenye oveni ya moto mdogo, maana kwa Mtwara hushiba maji haraka.

Umeme ulikatika usiku, asubuhi haifanyi kazi

Dalili hii wenzetu wa nchi zenye umeme usiokatika huisoma kama jambo la kiwandani. Sisi tunaijua nyumbani.

Umeme ukikatika seli hailali. Kathodi imejaa haidrojeni, anodi imejaa oksidi ya nikeli iliyochajiwa, na nyaya bado zimeunganishwa kupitia kifaa cha umeme. Hiyo ni betri. Mkondo unarudi nyuma, kathodi inakuwa anodi kwa muda, nikeli ya juu inageuka hidroksidi na molibdeni inayeyuka. Ukikatika kwa dakika chache mara nyingine utaona kathodi imekuwa bora kidogo, kwa sababu hidroksidi changa ya nikeli iliyokaa kando ya nikeli tupu husaidia kuivunja molekuli ya maji kwenye potashi. Ukikatika usiku kucha, hidroksidi hukomaa, na iliyokomaa hairudi kuwa nikeli kwa kuibembeleza kwa mkondo.

Uthibitisho: zima seli makusudi, acha nyaya zilivyo, weka multimita kwenye kipimo cha miliampea katikati ya waya mmoja. Ukiona namba hasi inayodumu kwa dakika kadhaa, umemkamata. Kinga yake ni daiodi moja, kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, mfululizo na seli. Aina ya Schottky hula kama volti 0.3, ya kawaida hula kama 0.7, kwa hiyo pima volti za seli baada ya daiodi, si kabla. Wenye paneli ya sola na betri ndogo wanaweza kufanya vizuri zaidi: iache betri iendelee kusukuma miliampea chache ili kathodi ibaki upande wake hadi umeme urudi.

Maji yamekuwa meusi

Mipako inabanduka. Sababu ni chache na nyingi zilitokea kabla hujawasha kitu. Sponji haikusafishwa: asetoni kwa mafuta, kisha asidi ya haidrokloriki ya moli 3 kwa dakika 10 hadi 15 kutoa oksidi, kisha maji safi, na upake mara moja kabla oksidi haijarudi. Au mipako ni minene mno. Wanaopaka kwa mkondo mkubwa, ampea 1 hadi 2 kwa sentimita ya mraba, ili mapovu yenyewe yachonge vijitundu, hupata sura nzuri sana kwa muda mfupi. Wakiongeza muda wakidhani wanaongeza ubora, wanapata masizi.

Kuna na kukausha. Vinyuzi vya nanomita vikitoka kwenye maji, mvutano wa maji yanayokauka huvivuta vikalaliana kama mpunga uliopigwa na mvua, na baadhi hukatika. Suuza kwa spiriti kabla ya kukausha, au usikaushe kabisa. Itoe kwenye dawa ya kupaka, isuuze, iingize kwenye seli ikiwa bado imelowa.

Gesi haitimii

Hesabu ya Faraday, ya gesi inayopaswa kutoka kwa umeme uliopita, haina upendeleo. Ampea 0.5 kwa saa moja hutoa mililita 232 hivi za haidrojeni kavu kwa nyuzi 30. Ukiikusanya juu ya maji, mvuke huongeza karibu asilimia 4, kwa hiyo soma kama 242. Oksijeni iwe nusu yake. Ukipata haidrojeni pungufu, tafuta kwanza penye kuvuja; paka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Na kumbuka inayovuja hupanda na kujikusanya chini ya bati kwenye kilele cha paa, na ikifika asilimia 4 ya hewa inasubiri cheche tu. Fungua madirisha kabla ya kutafuta, na jiko lisiwe chumba kile.

Ukipata haidrojeni sawa lakini oksijeni pungufu, angalia anodi. Fimbo ya grafiti huliwa na oksijeni inayozaliwa juu yake. Kaboni dioksidi inayotokea humezwa na potashi, na fimbo inakonda. Kama kuna harufu ya jiki, chumvi imeingia, na anodi inatengeneza hipokloriti badala ya oksijeni. Kijana wetu wa Chikongola alikutana na hili mwezi uliofuata. Tulipofuatilia maji yake hadi kwenye dumu, lilikuwa dumu la samaki, limeoshwa mara moja.